Binti Mmoja Kila Miaka Kumi

Katika riwaya ya Uprooted ya Naomi Novik kuna bonde lililo mpakani mwa nchi iitwayo Polnya, na wakazi wake wameuzoea mkataba ambao hakuna anayeuhoji tena. Mchawi anayewatawala, wanayemwita Joka, huwakinga na Msitu unaomeza watu na mifugo. Wao, kila miaka kumi, humwachia achague binti mmoja wa miaka kumi na saba akaishi naye mnarani. Hakuna ubaya unaojulikana anaotendewa. Miaka kumi ikiisha hutoka na mfuko wa fedha na nguo nzuri, hukaa kwao kitambo kidogo, kisha huondoka bondeni moja kwa moja.

Novik alizaliwa New York mwaka 1973, na ngano za Kipoland alizipata kwa mama yake. Riwaya ilitoka mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo ya Nebula. Ina vyote tunavyovitarajia katika ngano: mnara, malkia aliyepotea, mwana wa mfalme, msitu wenye roho mbaya. Lakini imeandikwa kwa ajili ya watu wazima. Ndani yake kuna vita vinavyoua watu kwa maelfu, kuna mwana wa mfalme anayeingia chumbani kwa msichana akitaka kumbaka, na kuna mapenzi yanayofika kitandani.

Kila ninapomsimulia mtu habari za kitabu hiki nakutana na ubishi, na ubishi huo umenifundisha zaidi ya sifa nilizosoma juu yake. Nimeupanga hapa kwa sauti tatu. Watu wenyewe nimewatunga. Hoja zao nimezisikia. Binti amekisoma kitabu chote na anakipenda. Mama yake, muuguzi mstaafu, alikisoma mpaka mahali fulani akakifunga. Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, amefundisha Kiswahili maisha yake yote. Yeye hajakifungua, na anazo sababu.

MJOMBA: Mwanangu, mimi na ngano hatuna ugomvi. Zimenilea, na nimezifundisha mpaka nikastaafu. Kinachonishinda ni hilo la kusema ngano ya watu wazima. Kwani zile nyingine zilikuwa za nani? Msimulizi alikuwa mtu mzima, wasikilizaji walikuwa mchanganyiko, na kila mmoja alichota kwa kadiri ya umri wake. Leo mtu anaichukua hadithi hiyo hiyo, anaitia damu na mambo ya chumbani, anairefusha ipite kurasa 400, halafu anatangaza kwamba imekua. Kunenepa si kukua.

BINTI: Damu haikuongezwa, Mjomba. Ilikuwamo, ikatolewa, na sasa imerudishwa. Hekaya za Giambattista Basile zilianza kuchapishwa mwaka 1634 kule Napoli, mwenyewe akiwa ameshafariki. Humo, yule binti aliyelala usingizi wa uchawi haamshwi kwa busu. Mfalme anamkuta amelala, anamfanyia atakalo, anakwenda zake, na binti anajifungua mapacha akiwa bado usingizini. Katika toleo la kwanza la ndugu Grimm, mwaka 1812, Rapunzel anamuuliza yule bibi anayemlea mnarani kwa nini nguo zake zinambana, na msomaji anajua kwamba ni mimba. Matoleo ya baadaye yaliufuta mstari huo. Aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Mwaka 1819 akageuzwa kuwa mama wa kambo.

MJOMBA: Hayo ni ya kwao. Kwetu hakuna aliyezipunguza makali. Chukua hadithi ya Sultani Darai, miongoni mwa zile alizosimuliwa Edward Steere pale Unguja akazichapisha mwaka 1870. Haamdani, maskini anayechakura jaani, anatumia thumuni yake moja kumnunua paa. Paa yule ana maneno na ana akili. Anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba, anamkabidhi bwana wake jumba la nyoka na mali yote iliyomo. Kisha paa anaugua. Mke wa Haamdani anamhurumia, lakini bwana mwenyewe anaamuru apewe uji duni wa mtama. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Siku moja mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao kweli. Haamdani anaota anachakura jaani, anaamka yuko jaani.

MAMA: Hadithi ile ilinitoa machozi utotoni, Kaka. Na bado naikumbuka.

MJOMBA: Unaikumbuka kwa sababu haikueleza kitu. Haituingizi moyoni mwa Haamdani kumtafutia visingizio. Alitenda, akalipwa. Max Lüthi, msomi wa Uswisi, aliliandika jambo hili mwaka 1947 kuhusu ngano za Ulaya: watu wake hawana kina. Msichana anakatwa mikono, hatuoni damu ikimtiririka, hatusikii kilio kirefu, hadithi inasonga mbele. Huo si upungufu. Ndiyo nguvu ya ngano. Sasa riwaya kazi yake ni nini? Ni kuingia ndani ya watu, kueleza hofu, utoto na mashaka yao. Riwaya na ngano zinavutana kila moja upande wake. Ukizifunga pamoja, moja itakufa.

BINTI: Katika hoja zako zote hiyo ndiyo nzito, na sitaikwepa. Zipo riwaya zilizoiua ngano kwa namna hiyo hasa. Kila zimwi linapewa utoto wa huzuni, kila mchawi anapewa sababu, na mwisho hakuna kinachotisha. Lakini kuna kimya kitupu, na kuna kimya kilichofunika kitu. Katika ngano wazazi hutoa binti zao kila mara. Baba anaahidi binti yake kwa joka, mji unapeleka msichana kwa nyoka, na hadithi inatuharakisha kwenda kumlaki shujaa mwenye upanga. Wale wazazi waliishije miaka yote ile, wakijua? Novik amesimama hapo akatazama.

MJOMBA: Akaona nini?

BINTI: Akamwona Kasia. Msimulizi wa riwaya ni Agnieszka, na Kasia ni rafiki yake wa chanda na pete. Kasia ni mzuri, jasiri, hodari wa kila kazi, na bonde zima linajua tangu utoto wake kwamba Joka atamchagua yeye. Kwa hiyo mama yake, Wensa, amemlea kwa ajili ya kumtoa. Amemzoesha kutoogopa, na yeye mwenyewe amejizoesha kutomshikilia. Siku inapofika, Joka anampita Kasia anamchukua Agnieszka, msichana ambaye kila nguo anayovaa huchanika na kuchafuka, kwa kuwa ana uchawi ndani yake na sheria ya mfalme inataka mtu wa namna hiyo afunzwe. Kasia anabaki kijijini akiwa hana nafasi. Waliishamuaga zamani.

MAMA: Endelea na ile habari ya mti uliyonisimulia.

BINTI: Msitu unamteka Kasia na kumfungia ndani ya mti. Agnieszka anamtoa, lakini Msitu umeshamwingia, na sheria inasema aliyeingiwa auawe. Ili kumsafisha, Agnieszka na Joka wanasoma kwa sauti kitabu cha kale ambacho kikisomwa hutoa mwanga unaofichua ukweli. Mwanga ule haummuliki Kasia peke yake. Agnieszka anaona kwamba ndani ya urafiki wao Kasia amekuwa na chuki ya miaka mingi, kwa sababu mwenzake alipendwa na mama asiyekuwa akijiandaa kumpoteza. Na Kasia anaona kwamba Agnieszka naye alimwonea wivu, kwa sababu macho ya bonde zima yalimtazama Kasia. Wanaonana hivyo, hakuna anayekanusha, hakuna anayemwacha mwenzake. Hapo ndipo Kasia anapotoka.

Hapa nauingilia mjadala, kwa kuwa kwangu tukio hili ndilo moyo wa riwaya yote na ndilo jibu kwa Mjomba. Lüthi alikuwa na haki: ngano huweka kila kitu nje, mahali macho yanapoweza kukiona. Novik hakuivunja kanuni hiyo. Mwandishi mwingine angetupa kurasa nyingi za Agnieszka akijiuliza, akikumbuka, akijuta peke yake usiku. Yeye amewasha taa. Wivu na chuki vimetoka ndani ya watu wawili vikasimama wazi, vikaonekana, kisha hadithi ikasonga mbele. Kina cha riwaya kimeingia kwa njia ya ngano. Mtoto wa miaka minane angelifuata tukio lile kama uokozi wa rafiki kutoka kwa pepo mbaya, na asingekosea. Mtu mzima analisoma akiwakumbuka watu aliowapenda na kuwahusudu kwa wakati mmoja, na anajua kwamba jambo hilo halitibiwi kwa kulinyamazia.

MAMA: Mimi nina la kusema kuhusu mwanzo, kabla hatujafika mbali. Nilipokuwa msichana, kila hadithi ya binti aliyetolewa nilikuwa mimi yule binti. Mlango ukifungwa, umefungwa kwangu. Safari hii nilisoma ile sehemu ya kuchagua, wasichana wamepangwa mstari uwanjani, wazazi wamesimama pembeni, na sikuwa katika ule mstari kabisa. Nilikuwa kule pembeni. Nilikuwa nahesabu wasichana wa wenzangu. Joka anapomchagua mmoja, kuna mama anayepiga magoti na kuna akina mama wengine ambao pumzi zinawashuka. Nilijua pumzi zangu zingeshuka. Kwa hilo nampa mwandishi haki yake. Hakuna hadithi ya mtoto iliyowahi kuniweka pembeni namna ile.

MJOMBA: Mbona basi ulikifunga?

MAMA: Kwa sababu ya uchawi, Kaka. Usinitazame hivyo, si mambo ya msikitini wala kanisani ninayoyasema. Nilifanya kazi Shinyanga. Nimewapokea bibi wazee wenye majeraha ya mapanga, wameitwa wachawi kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wanaoupikia maisha yao yote. Nilikuwapo huko pia miaka ile ya 2007 mpaka 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozagaa Kanda ya Ziwa. Nimesikia waganga wakituma watu wazima wenye akili zao. Kwa hiyo nikifika mahali kitabu kinapomfurahia msichana kwa kuwa amegundua ana uchawi, mkono wangu unakifunga wenyewe. Kwao huko ni mchezo wa maneno. Kwetu kuna makaburi.

BINTI: Mama, hilo silichukui juujuu. Lakini ungeendelea kidogo ungemkuta Jaga. Katika ngano za Waslavi Jaga ni kizee kinachokaa katika kibanda chenye miguu ya kuku na kula watoto. Ndiye bibi yako wa macho mekundu, kwa jina jingine. Novik amemfanya mwanamke msomi aliyekwishakufa zamani, aliyeacha daftari la maarifa yake. Joka analo daftari hilo katika maktaba yake na analiona takataka, kwa kuwa halifuati kanuni anazozijua yeye. Agnieszka, anayeshindwa na vitabu vyote vya Joka, anafungua lile la Jaga na kila kitu kinamkubali. Anaimba, anabahatisha, anafuata njia inayojitokeza. Mwandishi amechukua kizee cha kutishia watoto akauliza ni nani aliyemwita mchawi, na kwa faida ya nani.

MAMA: Umesema vizuri. Sasa niambie kuhusu malkia, maana nilisikia wewe na rafiki zako mkibishana.

BINTI: Nitakuambia, ingawa inanidhoofisha. Malkia Hanna aliingia Msituni miaka ishirini kabla ya hadithi kuanza. Mwanawe, Marek, analazimisha aokolewe, na askari wengi wanakufa kwa ajili hiyo. Anatolewa, anapelekwa mji mkuu pamoja na Kasia, wanapimwa kwa kila chombo kinachofichua uovu, wote wawili wanaonekana safi. Lakini malkia si malkia tena. Msitu umemmaliza ndani ukavaa mwili wake, na anaiangamiza jamaa ya mfalme.

MAMA: Kwa hiyo waliotaka achomwe walikuwa na haki.

BINTI: Kuhusu malkia, ndiyo.

MAMA: Huoni hatari yake? Kitabu kinamtetea bibi wa macho mekundu kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili kinamwambia msomaji kwamba kuna mwanamke atakayepimwa na kila chombo, aonekane safi, na bado awe amebeba mauti. Wale waliokuja na mapanga walikuwa wakisema maneno hayo hayo. Vipimo vya hospitali havioni, walisema. Sisi tunajua.

BINTI: Naiona, Mama. Lakini tazama malkia alipata wapi nafasi. Alipoulizwa, alisema alitekwa na watu wa Rosya, nchi jirani na adui wa zamani, na baraza zima likampokea, kwa kuwa lilikuwa likitafuta sababu ya vita. Msitu haukupanda kitu kipya mioyoni mwao. Naye Kasia, waliyemwogopa kwa sababu ngozi yake ilifanyika ubao na upanga haumwingii, ndiye aliyewakinga wajukuu wa mfalme kwa mwili wake mwenyewe mpaka wakatoka hai. Hofu yao ilimwelekea asiye na kosa, na imani yao ikamwelekea aliyewaambia walichotaka kusikia.

MAMA: Hilo ni somo zuri kwa atakayefika mwisho wa kitabu. Mimi nawaza juu ya atakayeishia katikati.

Mama ana haki ya kubaki na hoja yake, na sijaona kitabu kinachomjibu kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba ngano ya watu wazima ni ile yenye matusi na vitanda, kana kwamba utu uzima ni cheti cha kuruhusiwa kuona. Mtu mzima anatakiwa kwa sababu yeye anaweza kubeba mambo mawili yanayopingana, hukumu iliyokosea na hofu iliyokuwa na msingi, bila kukimbilia moja ili apumzike. Mtoto tunampa hadithi ambayo mwovu anajulikana kwa sura yake, na tunafanya vyema, kwa kuwa kwanza lazima ajue kwamba uovu upo.

MAMA: Na jingine. Huyo Joka ana zaidi ya miaka mia moja, anamtukana msichana tangu siku ya kwanza, anamwita mjinga na mchafu, kisha eti wanapendana. Mwanangu, mwanamume wa namna hiyo mimi nimewafunga bandeji wake zake.

BINTI: Hampigi, Mama.

MAMA: Sikusema anampiga.

BINTI: Sina utetezi mzuri. Ngano ya binti na mnyama, ile ya Madame de Villeneuve ya mwaka 1740 ambayo Madame de Beaumont aliifupisha mwaka 1756, imewazoesha wasomaji kungoja mwanamume mkali alainike. Novik ameirithi. Agnieszka hamnyenyekei, anamjibu, anafanya kazi naye kama mwenzake, na mwishoni ni yeye anayebaki bondeni na Joka anayekwenda na kurudi. Lakini matusi yale mwandishi aliyaona kama kichekesho, na mimi sikucheka.

Katika hili nipo upande wa Mama bila masharti. Riwaya iliyothubutu kuwauliza wazazi kwa nini walitoa binti zao ilipaswa kumuuliza Joka kwa ukali huo huo kwa nini alidhani ana haki ya kumdhalilisha aliyepewa.

MJOMBA: Bado mmeniacha na swali langu. Mtu mzima ana ada za watoto, ana mkopo, ana mgonjwa nyumbani. Anaingia katika misitu ya kubuni kutafuta nini?

BINTI: Tolkien alilijibu hilo mwaka 1939, katika mhadhara wake kule St Andrews. Alisema watu humchanganya mfungwa anayetoroka na askari anayekimbia vita. Lakini wewe unalo jibu la karibu zaidi, Mjomba. Ulifundisha Kusadikika.

MJOMBA: Nilifundisha, na kwa furaha. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, Shaaban Robert anatunga nchi iliyo angani, na mtu anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafunzwe sheria. Kila mwanafunzi wangu aliijua nchi ile ni ipi. Na Kezilahabi, aliyeanza na Rosa Mistika mwaka 1971 akiandika maisha ya Ukerewe yalivyo, ndiye aliyekuja kutuandikia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, ambamo hujui unatembea duniani au ndotoni.

BINTI: Basi unakubali kwamba ngano ya watu wazima ipo.

MJOMBA: Nakubali ipo. Sikubali kwamba lazima iwe ndefu. Nagona haifiki hata kurasa 100! Kezilahabi alijua kwamba msomaji akikaa mno katika ndoto anaanza kuhesabu madirisha yake. Kitabu chako, kwa ulivyonisimulia, kina vita, kina mnara uliozingirwa na maelfu ya askari, kina mambo ya ikulu. Je, mwanga ule wa kitabu cha kale unayahitaji hayo yote?

BINTI: Ule mnara kuzingirwa, hapana. Ningeupunguza nusu.

MJOMBA: Haya. Na mwisho wake ukoje? Ngano zetu hulipa. Haamdani alirudi jaani.

BINTI: Msitu una malkia wake. Zamani, watu wake walikuwa wamoja na miti, na yeye aliolewa na mfalme wa wanadamu waliohamia bondeni. Mfalme alipokufa, wanadamu walimsaliti, wakamfungia kaburini angali hai, wakaikata miti ambayo ilikuwa ndugu zake. Uovu wote wa Msitu ni hasira yake. Agnieszka anaufikia ukweli huo, na badala ya kumuua anampeleka mahali dada yake aligeuka mti, naye anakuwa mti kando yake, anatulia.

MJOMBA: Anatulia! Na wale aliowameza? Nani aliwauliza wao kama atulie?

BINTI: Ulitufundisha Adili na Nduguze, Mjomba. Hasidi na Mwivu walimtosa ndugu yao baharini. Wakageuzwa manyani, Adili akatakiwa kuwapiga kila usiku, naye akawa analia anapowapiga, mpaka wakarudishiwa ubinadamu wao. Hukutuambia kwamba Shaaban Robert alikosea.

MJOMBA: Adili alikuwa ndiye aliyetendewa. Msamaha ulikuwa wake kuutoa. Huyo Agnieszka anasamehe kwa niaba ya watu elfu waliokufa.

BINTI: Hasamehi. Hilo ndilo linalonifanya nikipende kitabu. Vita vimekwisha, mwana wa mfalme amekufa, na yeye anabaki Msituni akienda kutoka mti hadi mti, kwa kuwa ndani ya miti ile wamo watu. Mingine anaisafisha. Mingine haisafishiki, anaichoma moto. Ngano ingeishia kwenye harusi. Hii inaishia kwenye kazi ambayo haitakwisha kesho, kati ya wanadamu na viumbe waliobaki, na hakuna upande ulio safi.

MJOMBA: Bado nasema aliyeua kwa miaka mingi hivyo hakulipa. Lakini hilo la kubaki na kuusafisha msitu, lisingewezekana katika hadithi ya usiku mmoja. Nakupa hilo.

MAMA: Wensa je?

BINTI: Wensa yupi?

MAMA: Mama yake Kasia. Mmewazungumzia malkia wawili na mchawi, yeye mmemwacha. Mtoto aliyekuwa amejiandaa kumtoa hakuchukuliwa. Alirudi kwake?

BINTI: Hapana, Mama. Baada ya yote, Kasia anakwenda mji mkuu, anakuwa mlinzi wa wale wajukuu wa mfalme aliowaokoa.

MAMA: Anaondoka bondeni.

BINTI: Anaondoka, na kwa hiari yake.

MAMA: Hiari gani, mwanangu? Alifundishwa kuondoka tangu anajifunza kutembea. Nitakisoma mpaka mwisho, na nikifika hapo nitataka kujua kama mwandishi alimpa Wensa hata mstari mmoja wa kusema naye. Kama hakumpa, basi kuna mtu wa kule pembeni aliyemsahau, na nitakuja tugombane tena.